Maji ya Rangi Tunayamwaga Wapi?

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na kikundi cha wasuka mikeka)



Leo tuzungumze juu ya maji yanayobaki kwenye sufuria baada ya kutia miyaa rangi. Mkeka umependeza, umeuzwa. Je, yale maji mekundu? Wengi wetu huyamwaga mtaroni, na mtaro unateremka mpaka kisimani.

Rangi hizi za unga hazitoki kwenye miti. Hutengenezwa viwandani, ziwe ngumu, zisitoke kwa sabuni wala kwa jua. Hiyo ndiyo sifa yake dukani, na ndiyo taabu yake mtoni, maana haziozi upesi. Maji yakijaa rangi, mwanga haufiki chini, na mimea ya majini hudhoofika. Tena ziko rangi ambazo zikivunjika nusu tu hutoa sumu inayoweza kuleta kansa.

Mtasema, basi tutie shabu. Kweli, shabu huzamisha baadhi ya rangi na maji yakaonekana meupe. Lakini rangi haikufa, ndugu. Imehama tu, imo kwenye tope. Na tope hilo utalimwaga wapi?

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta njia ya kuivunja rangi yenyewe. Kanga ikianikwa juani kila siku hupauka, sivyo? Mwanga unavunja rangi, ila polepole. Kuna unga mweupe uitwao titani oksidi, ule ule unaotiwa katika rangi za kupaka ukuta. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walieleza jinsi unavyofanya kazi ukipigwa na mwanga ndani ya maji. Baadaye ikaonekana kwamba hapo hutokea chembe kali sana, nazo huikatakata rangi.

Sasa sauti. Popo hutoa sauti nyembamba ambayo masikio yetu hayaisikii. Iko mashine inayotia sauti ya namna hiyo majini, mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde moja. Hapo hutokea mapovu madogo mno, yanavimba, kisha yanabonyea ghafla. Ndani ya povu joto hufika maelfu ya digrii, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini maji yenyewe hayachemki. Hata chai hupati! Sauti hiyo pia huusugua ule unga usifunikwe na uchafu. Kwa hiyo mwanga na sauti vikishirikiana, mara nyingi rangi huisha upesi zaidi.

Kazi hii bado iko zaidi katika maabara, kwa sababu mashine hizo hula umeme mwingi. Sisi tunaweza kuanza na haya: maji ya rangi yatumieni tena kwa miyaa ya rangi hafifu. Yanayobaki yamwageni katika shimo lililo mbali na kisima na mto, upande wa chini, si wa juu. Na sufuria ya rangi isipikiwe ugali, hata ikisuguliwa namna gani.