Rangi za Macheo: Hotuba Juu ya Kuchora Asubuhi kwa Rangi za Maji

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, akina baba na akina mama. Katika nyumba nyingi hutokea jambo hili: mtoto hurejea kutoka shule na kisanduku cha rangi na burashi, akakaa barazani akachora, mzazi amwonapo hushituka, akadhani mwanawe amekwisha ingia katika haramu. Basi kisanduku hufichwa, karatasi huchanwa, na mtoto hulia. Nia ya mzazi huyo ni njema, kwani anaihofia dini ya mwanawe. Lakini nia njema isiyo na elimu huweza kubomoa pale ilipotaka kujenga. Kwa hivyo hotuba hii inakusudia kueleza mambo matatu: hukumu ya jambo lenyewe, namna kazi hiyo inavyofanywa, na faida yake kwa Muislamu wa Old Kampala.

Ama hukumu yake, imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, ya kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilitokana na kuchora alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kumwuliza. Ibn Abbas akamweleza onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya wenye kutengeneza sura. Yule mtu akatweta kwa hofu, na uso wake ukabadilika. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi kuchora, basi achore miti na vitu visivyokuwa na roho. Itazameni hekima hiyo, ndugu zetu. Mwanachuoni yule hakuificha hukumu kwa kumwonea haya mtu, wala hakumfungia mlango wa riziki akamwacha nje. Alimwonyesha ulipo mpaka, kisha akamwonyesha uwanja mpana ulio ndani ya mpaka huo.

Na uwanja huo Waislamu waliutumia tangu zama za mwanzo. Msikiti mkubwa wa Damascus, uliojengwa kwa amri ya Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik na kumalizika yapata mwaka 715, kuta zake zilipambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu. Mna humo miti mirefu, mito na majumba, wala hamna mtu wala mnyama hata mmoja. Basi kilima, bonde, ukungu na mawingu yenye wekundu wa asubuhi, vyote hivyo ni katika vitu visivyo na roho. Atakayevichora hakuvuka mpaka. Na hata wale ndege wakubwa wa Kampala waitwao karoli, wanaosimama juu ya mapaa mapema asubuhi kama wazee wenye makoti, mchoraji mwenye kujichunga anaweza kuwaacha, na picha yake isipungue kitu.

Ama namna ya kazi yenyewe, kwanza ifahamike rangi za maji ni kitu gani. Ni unga wa rangi uliosagwa laini na kuchanganywa na gundi ya mti wa mgunga, ile ambayo Sudan ni mashuhuri kwa kuiuza ulimwenguni. Na gundi hiyo si ngeni kwa wanachuoni, kwani wino wa waandishi wa kale, waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono, ulifanywa kwa masizi na gundi hiyo hiyo. Basi kisanduku kile kilichomtia mzazi hofu ni ndugu wa kidau cha wino cha chuoni.

Tena rangi hizi zina tabia yao. Mwenye kuchora kwa rangi za mafuta akikosea hupaka rangi nyeupe juu ya kosa lake, akaanza tena. Mwenye rangi za maji hana njia hiyo. Weupe wake ni karatasi yenyewe, na mahali anapotaka mwanga hana budi kupaacha vile vile bila ya kupagusa. Mwanga hautiwi, mwanga huhifadhiwa. Kwa hivyo huanza kwa rangi nyepesi, akaenda kidogo kidogo kwenye nzito. Huilowesha karatasi kwa maji safi, akapitisha manjano hafifu chini ya mbingu, na wekundu kidogo juu yake, kisha buluu, na maji yenyewe huziunganisha rangi pasipo mstari kati yake. Vilima vya mbali huwa hafifu na vyenye ubuluu, vya karibu huwa vyeusi na dhahiri, na ukungu wa mabondeni ni karatasi iliyoachwa.

Haraka pia inatakiwa. Kampala iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na huko jua hupanda wima wala halikawii. Mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kwa saa za Kiswahili. Aliyeelekea Kibla katika mji huu, jua humchomozea upande wa kulia. Na aliyesimama juu ya mnara wa msikiti wa Old Kampala huliona mwezi wa Juni likitokea upande wa Kololo, na mwezi wa Desemba likitokea upande wa Kibuli na Muyenga. Mwaka 1842 Mwingereza mmoja, J. M. W. Turner, aliuchora kwa rangi za maji mlima Rigi wa Uswisi, mlima huo huo mmoja katika picha tatu, moja ya buluu wakati wa macheo, moja nyekundu wakati wa jioni. Mlima haukubadilika, kilichobadilika ni nuru. Vilima vya Kampala navyo ni hivyo hivyo kwa mwenye macho.

Wala elimu hii haiko mbali. Mwaka 1908 makumbusho ya Uganda yalianzia hapa hapa Old Kampala, katika ngome iliyoasisiwa na Lugard baada ya kufika mwezi wa Desemba 1890. Baadaye yalihamia Makerere, na huko mtunzaji wake alikuwa Bibi Margaret Trowell, yule yule aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji Makerere mwaka 1937. Miongoni mwa waliosoma huko ni Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Na mahali palipokuwa na ngome sasa pana msikiti mkubwa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Kilima ni kimoja, na sura zake zimekuwa nyingi. Mtu aliyekichora kabla ya mnara kusimama, na atakayekichora leo, wote wawili wanawawekea wajukuu amana.

Khatimaye, faida yake. Wanachuoni wamefundisha kutofautisha alfajiri mbili: ya uwongo, ambayo nuru yake hupanda juu mfano wa mkia kisha ikatoweka, na ya kweli, ambayo nuru yake hutanda kwa upana juu ya upeo. Swala ya mwenye kuswali na saumu ya mwenye kufunga zilitegemea jicho linalojua kutazama. Leo saa za ukutani zimelipumzisha jicho hilo, hata watu wengi wanajua dakika ya alfajiri wala hawaijui alfajiri yenyewe. Kijana anayechora macheo analifundisha jicho lake upya. Lakini na ajue: baina ya alfajiri ya kweli na kuchomoza jua ni saa moja na zaidi kidogo, na haki ya kwanza ya muda huo ni Swala. Atakayeikimbilia karatasi akauacha msala, rangi zote za mashariki hazimfai kitu. Atakayeswali kwanza, kisha akakaa akitazama na kumkumbuka Mola wake, na burashi yake i mkononi, huyo amekusanya mambo mawili mema.

Basi, enyi wazazi, msichane karatasi. Mwulizeni mtoto amechora nini. Akiwa amevuka mpaka, mwonyesheni mpaka kwa upole, kama alivyofanya Ibn Abbas. Na akiwa amechora kilima na mwanga wake, mwamsheni mapema kesho, aswali, kisha mfungulieni dirisha.

Mwenyezi Mungu awape vijana macho yenye kuona na nyoyo zenye kushukuru. Amin.

Wabillahi taufiq.