Daftari kwanza, tovuti baadaye

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa huko Kolo, wilayani Kondoa, na kijana anayejitolea katika kazi za kompyuta, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani. Tumeyafupisha kidogo ili yaingie katika jarida letu.



Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya jioni na siku za mapumziko, yaani kutengeneza tovuti ya michoro ya miambani ya eneo letu. Nitaeleza jinsi tovuti ya namna hii inavyofanya kazi na imefikia wapi. Kisha nitawaeleza jambo moja ambalo siwezi kuliamua peke yangu, nalo ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Mali tuliyo nayo

Wenyeji sina haja ya kuwafundisha habari za vilima hivi. Kwa wageni wetu niseme kwa kifupi. Michoro ya Kondoa ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huku, na katika msimu mmoja waliorodhesha mapango 186. Mama huyo alinakili kwa mkono picha zipatazo 1,600. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na jina lake la Kiingereza linazungumzia sanaa inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliiandika michoro yetu katika Orodha ya Urithi wa Dunia, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Idadi ya mapango yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Tazameni makadirio hayo: kati ya 150 na 450. Tofauti yake ni mapango 300. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka daftari moja linaloeleweka.

Kanzidata ni kitu gani

Tovuti ziko za namna mbili. Ya kwanza ni kama bango. Mtu anaandika ukurasa, anaubandika, nao unabaki vile vile mpaka aje kuubadilisha. Ya pili ina daftari nyuma yake, ambalo wataalamu huliita kanzidata. Msomaji akiuliza swali, programu hufungua daftari, huchambua mistari inayohusika na kumwandalia ukurasa papo hapo.

Msiogope neno hilo. Kila parokia ina kanzidata tayari, ila iko kwenye karatasi. Mtoto akibatizwa huandikwa katika daftari la wabatizwa na kupewa namba. Baadaye akifunga ndoa, hata kama ni parokia ya mbali, taarifa hurudishwa alikobatizwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu yake. Ndiyo maana padre akitaka kujua kama kijana yuko huru kuoa, huagiza cheti kutoka daftari lile. Mtu mmoja ana namba moja, na mambo yake yote huelekea kwenye namba hiyo.

Nimefanya vivyo hivyo kwa mapango. Jedwali la kwanza lina mapango yenyewe, kila moja na namba yake isiyobadilika. La pili lina majina, kwa sababu pango moja linaweza kuwa na majina mengi. Mahali wenyeji wanapopaita Mungomi wa Kolo, watafiti wamepaandika Kolo 1, 2 na 3. Kama ningetumia jina kuwa ndiyo kitambulisho, tungehesabu mahali pamoja mara mbili. Jedwali la tatu lina michoro: imo pango gani, ni nyekundu au nyeupe, inaonyesha mtu, twiga, eland au alama tusiyoielewa. La nne lina picha, pamoja na tarehe na jina la mwenye haki nazo. La tano lina ukaguzi: nani alifika, lini, na aliikuta michoro katika hali gani.

Hilo la tano ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mchoro unaopigwa na mvua, moshi na mikono ya watu hufifia kidogo kidogo, na anayeuona kila siku hawezi kutambua. Lakini daftari likiwa na mistari ya ukaguzi ya miaka kumi, unaweza kuuliza: ni mapango gani ambayo hali yake imeshuka mara mbili mfululizo? Ni michoro ipi iliyonakiliwa mwaka 1951 ambayo leo haionekani tena? Ukurasa wa bango, hata ukipendeza namna gani, hauwezi kujibu maswali hayo.

Kuhusu vifaa, nimetumia kompyuta moja ya kawaida na programu huria, yaani MySQL kwa ajili ya daftari na PHP kwa ajili ya kutengeneza kurasa. Zote mbili zilianza kutumika katika miaka ya tisini, na mtu hahitaji kuzinunua. Kazi yote hadi sasa inafanyika ndani ya kompyuta hiyo bila intaneti, kwa hiyo mtandao ukikatika haisimami. Gharama huanza pale tovuti inapowekwa hadharani. Jina lake hulipiwa kila mwaka, na vilevile nafasi kwenye seva. Mwaka ambao ada hailipwi, tovuti hufungwa.

Kazi ya mtu mmoja inaweza kufika mbali

Baadhi yenu mmeniuliza kama mradi wa mtu binafsi unaweza kuwa na maana. Ninayo mifano ya kutoka kwetu Afrika Mashariki na ya lugha yetu. Mwaka 1994 Martin Benjamin, akiwa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alianzisha mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye intaneti ambayo watu wa kawaida walishiriki kuijenga. Nchini Kenya, katikati ya miaka ya 2000, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha tovuti ya Mzalendo kwa kujitolea, ili mwananchi aweze kujua mbunge wake anafanya nini bungeni. Leo kazi hiyo inaendeshwa na taasisi. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya, Ory Okolloh huyo huyo na wenzake wachache walijenga Ushahidi kwa siku chache tu, wakikusanya taarifa za ghasia na kuziweka kwenye ramani.

Kwa upande wa michoro yenyewe, shirika la TARA lililoanzishwa na David Coulson jijini Nairobi lilipiga picha za michoro ya miambani katika nchi nyingi za Afrika. Kuanzia mwaka 2013 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilianza kuziingiza katika kanzidata yake picha zake zipatazo 25,000.

Miradi hiyo ilianzia kwa mtu mmoja au wachache wenye ari. Iliyodumu ni ile iliyopata watu wengine wa kuishika. Ndiyo maana sitaki tovuti hii iwe yangu. Nikihama au nikiugua, daftari lisipotee pamoja nami.

Jambo ninalowaletea

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika jedwali la mapango kuna safu mbili za namba zinazotokana na kifaa cha GPS. Ukiziingiza katika simu, simu inakuongoza mpaka mlangoni mwa pango. Mhisani mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniomba tovuti ifunguke na ramani yenye nukta kwa kila pango, kwa sababu ramani inaonyesha haraka kazi iliyofanyika. Kiufundi ni kazi ya jioni moja.

Sikuifanya, na nitaeleza kwa nini. Sote tunajua imani iliyoenea kwamba Wajerumani walifukia mali huku walipokuwa wakikimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa imani hiyo watu wamechimba ndani ya mapango usiku na mchana. Anayechimba hapati dhahabu, lakini anavuruga tabaka za udongo ambamo mna zana za mawe, mifupa na makaa, vitu ambavyo mtaalamu angevitumia kujua nani aliishi hapo na lini. Tabaka likishavurugwa halirudi. Orodha kamili yenye njia ya kufika kila pango ingekuwa zawadi kwa mchimbaji.

Kuna sababu ya pili. Baadhi ya mapango bado ni mahali pa matambiko. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo wazee wameomba mvua tangu zamani, na UNESCO yenyewe, ilipoandika sababu za kuyatambua maeneo haya, ilizingatia kwamba mila hizo ziko hai. Tuliomo humu tunatofautiana kuhusu matambiko, na sikuja kuleta mjadala huo. Ninachosema ni kwamba mahali pa faragha pa jirani yako hupatangazi bila kumuuliza.

Mtu atasema kwamba mapango haya yamo vitabuni tayari. Ni kweli kwa baadhi, hasa yale ambayo wageni hupelekwa na waongozaji. Lakini kitabu kilichoko maktaba ya mbali si sawa na orodha inayofunguka kwenye simu ya kila mtu.

Wengine wanaojua kompyuta wameshauri nifiche tu safu hizo mbili zisionekane ukurasani. Hiyo haitoshi. Kitu kikiwa ndani ya kanzidata iliyoko kwenye seva, mwenye ujuzi na nia mbaya anaweza kukifikia. Tena picha iliyopigwa kwa simu mara nyingi hubeba ndani yake namba za mahali ilipopigwa, na anayeipakua anaweza kuzisoma. Kwa hiyo ninapendekeza madaftari mawili. Daftari kamili libaki kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, chini ya mamlaka zinazosimamia mambo ya kale, ambazo kisheria ndizo zenye dhamana tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Daftari la hadharani liwe nakala iliyoondolewa safu hizo kabisa, picha zake zisafishwe, na mahali patajwe kwa jina la kata tu. Mgeni anayetaka kufika aelekezwe kwa mwongozaji hapa Kolo. Hivyo kijana wetu anapata riziki, na pango linapata mlinzi.

Nimetaja mapango, lakini hata watu wamo katika daftari hili. Wazee wanaotupa majina na historia wana haki zao. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini. Jina la mzee, namba yake ya simu na sauti yake iliyorekodiwa visiwekwe hadharani bila ridhaa yake. Vilevile nakala za Mary Leakey na picha za TARA zina wenyewe. Tutaomba ruhusa au tutapiga zetu.

Maswali ya kuuliza

Ndugu wahisani na wajumbe, mtaletewa maombi mengi ya kugharamia tovuti, za visima, za shule, za vikundi vya akiba. Kabla ya kutoa fedha, naomba mwulize maswali haya:

1. Daftari liko wapi, na kila kitu kina namba moja tu isiyobadilika?
2. Ni swali gani ambalo daftari litajibu, na nani analihitaji jibu hilo?
3. Ni safu zipi zitakazoonekana na kila mtu, na nani ameziidhinisha?
4. Nani atajaza mistari mipya baada ya mwaka wa kwanza?
5. Nani atalipa ada ya kila mwaka mradi ukiisha?
6. Kuna nakala nje ya kompyuta ile, pamoja na moja iliyochapwa kwenye karatasi?

Kwa mradi huu ninayo majibu ya maswali mawili ya kwanza na la mwisho. Kila mwisho wa mwezi natoa nakala katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo kompyuta yoyote inaweza kulisoma hata bila programu niliyotumia, na ninachapa majedwali na kuyafunga kwenye jalada. Majibu ya maswali yaliyobaki hayawezi kutoka kwa fundi.

Kwa hiyo maombi yangu ni matatu. La kwanza, mteue wajumbe wachache wakae pamoja na wazee wa vijiji vinavyohusika, Wakristo na Waislamu, na watu wa mambo ya kale, wapitie jedwali safu kwa safu na kusema ipi itoke na ipi ibaki. La pili, tupate vijana wawili wa kufundishwa kazi hii, ili watu watatu waijue. La tatu, wahisani wetu mtuvumilie. Msitupime kwa tarehe ya kufunguliwa kwa tovuti. Mtupime kwa idadi ya mapango yaliyokaguliwa na kuandikwa vizuri.

Tovuti haitafunguliwa mpaka kikao hicho kikae. Majedwali yaliyochapwa ninayo hapa mezani, na baada ya chai ninawakaribisha wazee kuyapitia na kusahihisha majina niliyoyaandika.