Klima katika gari ya zamani: kwa nini tunaiomba na tunaanza wapi

Maneno ya timu ya terena katika mkutano mkuu wa shirika letu, Bukavu



Tumepewa dakika chache tujibu ulizo lililoletwa na mfadhili mmoja, na wanachama wengi pia wanaliuliza chini chini: gari ya miaka karibu arobaini, tena Bukavu, mahali watu wanavaa sweta asubuhi, klima ni ya nini? Si ni mambo ya wakubwa?

Mwenye kuuliza hivyo yuko na sababu. Hapa mjini klima haina kazi. Ziwa Kivu liko kwenye meta 1,460 hivi juu ya bahari, na upepo wake unatutosha. Lakini gari yetu haifanyi kazi hapa mjini. Inashuka Ngomo, inapita Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, meta 770 hivi. Ni mteremko wa karibu meta 700, ule ule ambao maji ya Ruzizi yanashuka. Kule kwenye uwanda, saa saba ya mchana wakati wa kiangazi, ukifungua dirisha vumbi linajaa, ukilifunga unapikwa.

Na ndani ya gari kuko nani? Wamama wenye watoto wachanga, wazee waliokaa Nyarugusu miaka na miaka, wagonjwa tunaowapandisha kwenye hospitali za Bukavu. Kiangazi kilichopita tulikuwa na mama mmoja mwenye presha. Tulimshusha mara mbili chini ya mwembe karibu na Sange, tukamlowanisha nguo, tukangoja apate pumzi. Alifika, Mungu asifiwe, lakini mgonjwa wa namna ile hapaswi kungoja chini ya mwembe.

Sasa tuongee gari yenyewe. Ni Land Cruiser ya mtindo wa 60, ule uliotengenezwa tangu 1980 mpaka 1990, yenye motere ya dizeli 2H: silinda 6, litre karibu 4, bila turbo. Mafundi wa hapa wanaijua kama wanavyojua mikono yao, na hatuoni faida ya kuiuza. Ila yetu ilitoka kiwandani bila klima, kwa hiyo ni kuunganisha kipande kwa kipande.

Watu wanafikiri klima inatengeneza baridi. Hapana, inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Kompresa inazungushwa na motere kwa mkanda na kukandamiza gesi. Gesi inapoa kwenye kondensa, mbele ya radiatere, mpaka inakuwa maji. Halafu inapitishwa tundu dogo, inapanuka na kuwa baridi sana, na feni inapuliza hewa juu ya mabomba yake. Joto lote lile linatupwa mbele ya radiatere, na nguvu inatoka kwa motere ile ile inayotuvuta. Ndiyo hatari kwa gari ya zamani.

Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila meta 100 za kupanda. Maana yake, huku juu yetu imekwisha kupoteza kama asilimia 15 hata kabla ya kuwekewa mzigo mwingine. Lakini hapa mlima wenyewe unatusaidia. Kutoka Kamanyola ukianza kupanda Ngomo, pale motere inapodai nguvu yote, hewa ya nje inaanza kupoa. Basi shofa anazima klima chini ya mlima na abiria wanafungua madirisha. Hatutaki hata hivyo kumwachia shofa peke yake, maana usiku akiwa na mgonjwa nyuma ana mengine ya kufikiri. Tunataka kifaa kidogo kinachoikata kompresa chenyewe maji ya radiatere yakizidi moto.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si klima, ni radiatere: isafishwe kabisa au ibadilishwe, na feni yake iangaliwe. Pamoja nayo, mipira mipya ya milango ili vumbi lisiingie, na zulia nene juu ya sanduku la gia, kwa sababu joto jingi linatoka chini ya miguu. Hivyo ni vitu vya bei ndogo, na bila hivyo klima itakuwa inapoza barabara.

Halafu umeme. Feni ya ndani na ile ya kondensa zikiwaka pamoja na taa, alternatere ya zamani inaweza kushindwa. Tena fundi aangalie kwanza kama gari iko ya volti 12 au 24, maana hizi za dizeli ziko za namna mbili, na kipande kisicholingana kitaungua siku ya kwanza.

Juu ya gesi tutakuwa wakali. Magari ya wakati ule yalitumia R12, inayoharibu ozoni. Ndiyo mataifa yaliyoamua kuiondoa kwa mapatano ya Montreal ya 1987. Tunaomba R134a. Hiyo haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni, uzito kwa uzito, na mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalikubali kuipunguza nayo. Basi isivuje. Mipira ya zamani ya R12 isitumike, mafuta ya kompresa yawe yale yanayokubaliana na R134a, na hewa yote itolewe kwa pampu kabla ya kujaza. Na fundi akisema gesi ya kupikia nayo inapoza, ni kweli inapoza, lakini inawaka. Hatutaifunga ndani ya gari yenye watoto.

Neno moja kwa wauguzi wetu: klima haitachukua nafasi ya sanduku la baridi. Insulini na chanjo zinahitaji digrii 2 mpaka 8, na hakuna gari itakayowapa hizo.

Ombi letu liko na sehemu mbili. Radiatere, mipira na zulia vitoke kwenye michango yetu sisi wenyewe. Kompresa, kondensa, sehemu ya nyuma ya abiria na alternatere ndivyo tunavyowaomba wafadhili, na hakuna kitakachonunuliwa kabla radiatere haijajaribiwa safari mbili za Uvira, kwenda na kurudi. Bei tutazichukua kwa mafundi watatu na kuzibandika mlangoni pa ofisi. Siku ambazo gari itakuwa garaji, wagonjwa wa uwandani wajiandikishe kwa mwandishi wetu wa Uvira, tuwatafutie nafasi katika gari nyingine za asubuhi, kabla jua halijapanda.