Matembezi ya Vuli: Jihadhari na Kichocho

Leo tunazungumza na vijana, hasa walio vyuoni, juu ya matembezi ya msimu wa vuli.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hukaa kitako kutwa. Asubuhi yuko maktabani, mchana yuko mbele ya kompyuta, na usiku anaandika tasnifu yake. Mgongo unauma, usingizi unapotea, na mawazo yanamzidi. Kwa hivyo marafiki wakimwita Jumamosi waende kutembea, aende. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Hata kuzunguka uwanja wa chuo kwa miguu jioni, mkizungumza na kucheka, kunahesabika.

Huku kwetu Kwale mahali pa kutembea ni pengi. Kuna Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotengwa mwaka 1968, yenye ndovu na palahala. Humo watu hushuka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick wakiongozwa na askari wa wanyamapori. Kule Diani kuna Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na chochote cha msituni. Msitu una masharti yake, na mgeni mwenye adabu huyafuata.

Basi, mpenzi msikilizaji, maji nayo yana masharti yake.

Hebu tuchukue mfano. Vijana wanne wametoka Mombasa, wamevuka feri ya Likoni, wamepanda matatu hadi upande wa Msambweni. Wametembea mashambani tangu asubuhi. Saa sita jua linawaka, na mbele yao kuna bwawa limejaa maji ya mvua, pembeni majani yameota. Mmoja anasita. Wenzake wanamwambia, "Mbona waogopa? Maji tu haya!" Wote wanaingia, wanaoga, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wamefurahi.

Usiku ule ngozi inawawasha kidogo. Wanadhani ni nyasi. Miezi mitatu baadaye, kijana mmoja anaona damu mwishoni mwa mkojo wake. Anashtuka. Anafikiri ni ugonjwa wa zinaa, anaona haya, ananyamaza. Msichana aliyekuwa nao anapata maumivu chini ya tumbo na anatokwa na damu isiyo ya mwezi. Ananunua dawa dukani, hapati nafuu. Naye ananyamaza. Wote wawili wana ugonjwa mmoja, wala hawakuupata kwa zinaa. Ni kichocho.

Je, kichocho huambukizwa vipi? Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo na kuanguliwa. Vidudu vinavyotoka humo huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, hukua na kuongezeka. Kisha hutoka kwa wingi, hasa mchana jua likiwa kali, na kuogelea vikitafuta mtu. Vikikupata hupenya ngozi yako katika dakika chache. Si lazima uwe na kidonda, wala si lazima uyanywe maji hayo. Baada ya wiki kadhaa huwa minyoo mikubwa inayokaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai yake yana ncha kama mwiba, na ndiyo huleta damu kwenye mkojo.

Watafiti wamekuwa wakiuchunguza ugonjwa huu Msambweni tangu miaka ya 1980, kwa sababu umekuwapo huku muda mrefu. Usipotibiwa huweza kuharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi kuleta saratani ya kibofu. Kwa mwanamke huweza kuleta vidonda kwenye njia ya uzazi, kuzuia mimba, na kumfanya aambukizwe virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usiingie katika bwawa, mfereji au mto unaokwenda polepole. Maji kuonekana safi si dalili ya usalama. Ukitaka kuogelea, nenda baharini. Konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya chumvi.

Pili, usikojoe majini wala kando ya maji. Wewe mtembezi utaondoka jioni, lakini kuna mama atakayefua hapo kesho na watoto watakaocheza hapo.

Tatu, ikiwa umekwisha kuingia, usingoje damu. Nenda hospitali au zahanati wiki sita hadi nane baadaye, na umweleze mhudumu wazi kwamba uliingia bwawani, na ni lini. Usipomwambia huenda asifikirie kichocho. Mkojo wa kupima hufaa zaidi ukitolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ukipatwa na homa, kikohozi na uchovu kabla ya wiki hizo kwisha, usingoje. Nenda mara moja.

Nne, tiba ipo. Dawa inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge vinavyopimwa kwa uzito wako, na mara nyingi humezwa siku moja tu, baada ya kula. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga. Ndiyo sababu aliyemeza mapema mno huenda akahitaji kurudia. Dada mjamzito amweleze mhudumu kabla ya kumeza. Na jua kwamba tiba si kinga: ukirudi bwawani unaweza kuambukizwa tena.

Mpenzi msikilizaji, nchini mwetu watoto wengi wa shule hupewa dawa hii shuleni. Mwanafunzi wa chuo hafuatwi na mtu; ni lazima ajipeleke mwenyewe. Kwa hivyo, mmoja wenu akienda kupimwa, awaambie na wenzake. Mlioingia majini pamoja, nendeni zahanati pamoja.

Tembeeni, mfurahi, mrudi salama. Hadi kipindi kijacho, nawatakia afya njema.