Asali Iliyobaki Kiwanja cha Ndege

(Maelezo yaliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi katika kikao cha kamati za sharika, Singida mjini. Yamechapwa hapa kwa maombi ya wajumbe.)



Huenda mnashangaa kwamba katika kikao cha visima, alizeti na mizinga ya nyuki tumeomba nafasi ya kuzungumzia ukaguzi wa viwanja vya ndege. Wengi wetu hapa safari ndefu tunayoijua ni ya basi, kwenda Dodoma au Dar es Salaam. Lakini sisi wa ofisi ya miradi tumesafiri mara nyingi kuwatembelea wabia wetu, na tumekaguliwa mara nyingi. Tumevua viatu na mikanda, tumetoa sarafu mifukoni, tumeinua mikono kama mtoto anayepimwa nguo kwa fundi. Tumezoea. Na mazoea hayo ndiyo yaliyotukosesha, kama tutakavyoeleza.

Miaka michache iliyopita tulisafiri kwenda Ujerumani pamoja na mama mmoja, mhazini wa kikundi cha kina mama wafuga nyuki katika mojawapo ya sharika zetu. Ana umri wa zaidi ya miaka 60, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kikundi kilimkabidhi lita 2 za asali, chupa 2 zilizofungwa vizuri ndani ya kitenge, ziwe zawadi kwa usharika rafiki. Kwetu mgeni haendi ugenini mikono mitupu. Mama yetu hakutaka asali ile iwe mbali naye, kwa hiyo aliiweka kwenye mkoba wake wa mkononi.

Katika kiwanja kimoja tulichopitia, mkoba ulipoingia kwenye mashine, mkanda ulisimama. Afisa aliufungua, akazitoa chupa na kutikisa kichwa. Kisha mama akaambiwa kwa ishara avue kilemba mbele ya watu waliopanga foleni. Sisi tulikuwa tumekwisha kupita, tuko upande wa pili tunavaa viatu. Tuliporudi kusema neno, chupa zilikuwa zimekwisha kutumbukizwa kwenye pipa. Mama hakupiga kelele. Alifunga kilemba chake polepole, akatutazama na kuuliza: "Wanangu, hili mlilijua?"

Ndugu wajumbe, tulilijua. Tulijua sana. Mizigo yetu wenyewe tulikuwa tumeipanga sawasawa. Karatasi tuliyompa mama ilikuwa na tarehe, saa ya basi na kiasi cha posho, lakini juu ya ukaguzi haikuwa na hata mstari mmoja.

Tunaona ni haki kueleza kwanza kwa nini ukaguzi huu upo, kwa sababu haukuanza kwa ajili ya kuwaonea watu. Sisi Watanzania tunayo sababu yetu wenyewe. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa nyara na vijana, ikapelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, hadi Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha siku 2 baadaye. Ilikuwa safari ya ndani ya nchi tu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wa waliokufa walikuwa wenzetu wa Afrika Mashariki. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 kule Marekani, ukaguzi wa abiria ulikazwa duniani kote. Desemba ya mwaka huohuo mtu mmoja alijaribu kulipua ndege kwa viatu vyake, ndipo abiria wakaanza kuvuliwa viatu. Marekani iliondoa sharti hilo kwa abiria wengi Julai 2025, lakini sehemu nyingine bado mtaambiwa mvue.

Sharti la vimiminika lilitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa kemikali zilizofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo, katika viwanja vingi, abiria haruhusiwi kuingia ndani ya ndege na chupa yenye ujazo unaozidi mililita 100, na chupa hizo ndogo hupaswa kukaa pamoja katika mfuko mmoja unaoonyesha, usiozidi lita 1. Kumbukeni kwamba kinachohesabika ni ukubwa wa chupa, wala si kiasi kilichobaki ndani yake. Asali nayo ni kimiminika. Hali kadhalika mafuta ya alizeti, samli, na hata siagi ya karanga. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vina mashine mpya na vimelegeza sharti hili, lakini mkibadilisha ndege njiani mtakaguliwa kwa masharti ya kiwanja hicho, si ya mlikotoka.

Kwa nini asali hasa inaleta mashaka? Mashine ya eksirei huonyesha vitu kwa rangi. Kwa kawaida chuma huonekana bluu, na vitu vya asili kama chakula huonekana rangi ya chungwa. Baruti za aina nyingi nazo huonekana rangi hiyohiyo ya chungwa. Januari 2010 kiwanja cha Bakersfield, California, kilifungwa kwa muda kwa sababu begi la abiria mmoja, mtunza bustani, lilitoa ishara ya baruti. Lilipofunguliwa zilikutwa chupa 5 za kinywaji zimejazwa asali. Kwa hiyo afisa yule hakumwona mama yetu mwizi. Aliona rangi ya chungwa kwenye kioo, naye ana amri ya kuifuata.

Pamoja na hayo, machozi ya mama yalikuwa ya haki. Katika viwanja vingi abiria anaweza kuomba akaguliwe faraghani, na afisa wa jinsia yake. Mama hakuambiwa hivyo na afisa, wala hakuambiwa na sisi.

Tulipofika, alisimama mbele ya usharika rafiki akasema: "Nawasalimu. Asali yenu imebaki njiani." Watu walicheka kwa upendo, naye akacheka nao. Tulidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwisho wa mwaka tulikwenda kukagua vitabu vya kikundi chake, kama tunavyofanya kwa vikundi vyote. Katika daftari la mali tulikuta mstari aliouandika kwa mkono wake: "Asali lita 2. Imechukuliwa kwenye ukaguzi. Stakabadhi hakuna." Kwa kanuni zetu, kinachotoka bila stakabadhi ni hoja ya ukaguzi. Mama aliketi mbele yetu, mikono juu ya meza, akisubiri. Hapo tukajitambua. Safari hii sisi ndio tulikuwa nyuma ya mashine, na yeye ndiye aliyeinua mikono.

Tuliandika chini ya mstari ule kwamba tulikuwepo, tuliona, na kosa ni letu. Tukatia sahihi. Thamani ya asali tuliilipa kutoka mifukoni mwetu, si katika fedha za mradi. Wafadhili wetu tunaomba wafahamu hivyo.

Tangu hapo hakuna mjumbe anayesafiri bila kuketi nasi kwanza. Tunamweleza kwamba asali na mafuta vinakwenda kwenye begi kubwa linalopimwa, vimezungushiwa nguo, na kwamba aulize kwanza sheria za chakula za nchi anayokwenda. Kisu cha kumenyea matunda nacho kiende humohumo. Aliyeshika mbolea anawe vizuri na abadilishe viatu, maana maafisa hupangusa mikono na mizigo kwa kitambaa kutafuta chembe za baruti, na baadhi ya mbolea huweza kuiamsha mashine. Katika Kiwanja cha Julius Nyerere ajue kwamba ukaguzi wa kwanza uko mlangoni kabisa, kwa hiyo afike mapema. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lakini ule mfuko mdogo wa zipu wa kuwekea vitu vya kuogea, anaokuja nao msafiri, haukukatazwa. Zaidi ya yote, mmoja wetu hupita nyuma ya mgeni, wala hatumtangulii.

Ndugu zetu wa kamati, tutaendelea kuwakagua. Fedha na mali hizi ni amana, na anayesema yeye asikaguliwe anatutia mashaka zaidi. Lakini kuanzia sasa kila usharika utapata, mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, karatasi inayoeleza tutatafuta nini na kwa sababu gani. Tukija bila karatasi hiyo, mnayo haki ya kuturudisha. Na mkaguzi akikosea, aandike kosa lake katika daftari lilelile.

Mama yetu bado ni mhazini. Tulipomwomba ruhusa ya kusimulia habari hii alikubali kwa sharti moja, kwamba tusiseme asali ilipotea. Haikupotea, alisema, ilichukuliwa mbele ya watu waliojua.