Usinunue Dawa Isiyo na Lebo

 

Siku moja nilimtembelea mzee mmoja mkulima wa nyanya. Nikamwuliza, "Mzee wangu, umepiga dawa gani?" Akanionyesha chupa ya soda. Haina jina wala kipimo. Alipimiwa dukani, maana chupa nzima hakuimudu. Na chupa hiyo ilikuwa mezani, karibu na kikombe cha mjukuu wake!

Sasa tusikilizane. Tanzania ilitunga sheria mwaka 1979 ya kuunda taasisi ya utafiti wa dawa hizi, TPRI, huko Arusha. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaleta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ikaichukua kazi ile. Dawa hupimwa kwanza, ndipo husajiliwa. Yote yanayokuhusu wewe huandikwa kwenye lebo: jina la dawa, namba ya usajili, kipimo, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ukiona mstari mwekundu, jua hiyo ni sumu kali. Basi, ukipimiwa kwenye chupa ya soda, sheria umeiacha dukani.

Yako pia mabishano. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parakwati, dawa ya magugu, mwaka 2007. Huko Kenya, mwaka 2019, mbunge Gladys Boss Shollei alipeleka ombi bungeni kutaka dawa zenye madhara ziondolewe sokoni. Wapo wanaosema, sumu iliyokataliwa kwao isiletwe kwetu. Wengine huuliza, je, mkulima atumie nini wadudu wakivamia?

Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini mimi naongeza ya tatu: mkulima mdogo apatiwe vifungashio vidogo, vilivyofungwa kiwandani, vyenye lebo ya Kiswahili. Bila hivyo, hata sheria nzuri itaishia kwenye chupa ya soda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, changeni watu watatu au wanne mnunue chupa moja iliyofungwa. Someni lebo pamoja. Chupa ikiisha, itoboeni, isitekewe maji. Na bwana shamba akija, mwelezeni shida yenu, naye aifikishe wilayani.

Mzee yule sasa hununua na jirani zake. Dawa anaifungia stoo.