Mzigo wa Matibabu Haupungui kwa Kubadilishiwa Bega



Katika karne ya 19 mji wa Tabora, ambao wasafiri wengi waliujua kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, na ilipofika Unyanyembe ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tawi jingine likapanda Karagwe hadi Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula na mkeka wake.

Mkubwa wa msafara alipougua alibebwa kwa machela. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh mwezi Novemba 1857 akiwa mgonjwa, akapokewa na kutunzwa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Lakini mpagazi alipougua hakuwa na machela. Mara nyingi aliachwa njiani, na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Kama mtu angeandika daftari la gharama za matibabu za nyakati hizo, hesabu yake ingekuwa ndogo mno. Hata hivyo hakuna mwenye akili timamu ambaye angesema kwamba udogo wa hesabu hiyo ulikuwa dalili ya afya njema. Gharama ilikuwapo. Mwenye mali aliilipa kwa mali, na mnyonge aliilipa kwa uhai wake.

Jambo hili hapana budi likumbukwe kila inapozuka hoja kwamba matumizi ya afya yanakua kupita kiasi. Ni kweli yanakua, tena katika nchi zote. Marekani ilitumia kiasi cha asilimia 5 ya pato la taifa kwa afya mwaka 1960. Siku hizi hutumia zaidi ya asilimia 17. Waingereza walipoanzisha huduma yao ya afya ya taifa mwaka 1948, wapo viongozi waliotumaini kwamba wananchi wakishatibiwa maradhi yao ya zamani, gharama zitatulia. Hazikutulia, na kufikia mwaka 1952 wagonjwa walikwishaanza kulipia karatasi za dawa. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kwa nini gharama zinakua tu. Swali ni ukuaji upi ni wa halali, upi ni wa hasara, na mzigo wote huo uko juu ya bega la nani.

Historia ya magharibi ya nchi yaonyesha mahali tulipoanzia. Mwaka 1879 Dakta Southon wa Chama cha Misheni cha London alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo; alifariki huko mwaka 1882. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu watu tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Watu wa namna hiyo walikuwa wachache, na nchi waliyoihudumia ilikuwa pana. Wakati huohuo ndui na kipindupindu vilisafiri pamoja na misafara. Funza, aliyeletwa pwani ya Angola mwanzoni mwa miaka ya 1870, alivuka bara zima kwa nyayo za wapagazi na kufika pwani ya mashariki kabla karne haijaisha.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walihesabiwa kuwa 12. Vituo vya afya vijijini vilikuwa 22. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa kuanzia mwaka 1972, fedha zilielekezwa vijijini, na kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa vimezidi 200. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kuchimba vyoo. Huo ulikuwa ukuaji wa gharama uliotakiwa na uliopangwa.

Kisha ukaja ukame. Vita vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliibana Hazina. Katika miaka ya 1980 fedha halisi alizotumiwa kila mwananchi kwa afya zilipungua, na zahanati nyingi zilibaki na kuta na mganga bila dawa. Makasha ya dawa muhimu yaliyoanza kusambazwa katikati ya miaka hiyo kwa msaada wa Denmark ndiyo yaliyoziokoa zahanati nyingi. Mwaka 1993 Serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali. Kwenye vitabu vya Serikali mzigo ulionekana kupungua. Nyumbani kwa mkulima ulionekana kwa jina jingine: mbuzi aliyeuzwa, gunia la mahindi lililouzwa kabla ya msimu, au mgonjwa aliyengoja hadi homa ikapanda kichwani. Mgonjwa anayechelewa huwa na matibabu ghali kuliko aliyewahi. Kwa hiyo gharama iliyohamishwa haikupungua tu. Mara nyingi iliongezeka njiani.

Sasa, ni mambo gani yanayoisukuma gharama hii juu?

La kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini, sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mkoa wa Tabora peke yake ulikuwa na watu wapatao milioni 2.3 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulizidi milioni 3.3. Hata kama kila mtu angetumia dawa ileile kwa bei ileile, bajeti ya mkoa ingepaswa kukua karibu kwa nusu ili hali ibaki ilivyokuwa.

La pili ni mabadiliko ya maradhi, nayo ni matunda ya mafanikio. Mtoto aliyeokolewa na chanjo ya surua hukua, huzeeka, na huweza kupata kisukari au shinikizo la damu. Maradhi haya hayaponi kwa sindano tatu. Hutaka dawa kila siku hadi mwisho wa maisha. Kadhalika UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ulipoanza kupatiwa dawa za kufubaza virusi kwa wingi kuanzia mwaka 2004, uliacha kuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kutunzwa. Kila anayeishi kwa dawa hizo ni gharama ya kila mwezi, na ni mwalimu, mkulima au mzazi aliyebaki hai.

La tatu ni vifaa na ujuzi mpya. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili na ile ya kusafisha damu kwa mwenye figo mbovu haziondoi gharama za zamani, bali huongeza jambo ambalo zamani halikuwezekana kabisa.

La nne ni mishahara. Kiwandani mashine moja yaweza kuchukua kazi ya watu kumi, lakini muuguzi hawezi kufunga vidonda viwili kwa wakati mmoja, kama ambavyo mwalimu hawezi kusahihisha madaftari mawili kwa macho yaleyale. Mishahara ya nchi ikipanda, ya muuguzi nayo hupanda, ingawa idadi ya vidonda anavyofunga ni ileile. Walimu wanalielewa jambo hili kuliko wachumi wengi.

La tano ni dawa kutoka nje. Sehemu kubwa ya dawa za nchi hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani iliuzwa kwa shilingi zipatazo 17 kwa bei rasmi; katika miaka ya karibuni imezidi shilingi 2,400. Shilingi inaposhuka, hata kidonge cha homa hupanda.

La sita, ambalo halisemwi sana, ni namna ya kulipa. Hospitali inayolipwa kwa kila kipimo na kila kidonge huvutwa kupima zaidi na kuandika zaidi. Mgonjwa mwenye kadi haoni bei, kwa hiyo hakatai. Hapa ndipo ukuaji wa halali unapochanganyika na hasara.

Hili linawahusu watumishi wa umma moja kwa moja. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa ajili yao. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri, ukimhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 hesabu za Mfuko zilionyesha kwamba malipo yalikuwa yakipita makusanyo, na mwezi Machi 2024 bei mpya za Mfuko zilizusha mvutano mkubwa na hospitali za watu binafsi. Kadi aliyoazimwa mtu asiye mwanachama, dawa iliyoandikwa bila kutolewa, kipimo kilichorudiwa bila haja: hayo si ujanja wa kuikomoa Serikali. Ni wizi kutoka kwa mwalimu mwenzake anayengoja kusafishwa damu.

Na mkulima je? Mkoa wa Tabora una historia yake katika swali hili. Mwaka 1996 Wilaya ya Igunga ilichaguliwa kuwa ya kwanza kufanyia majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali iliongeza kiasi hichohicho kwa mpango uliopewa jina la tele kwa tele. Sheria ya Mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001, na baada ya maboresho ya mwaka 2018 mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi. Fikra ilikuwa njema: haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo nchini kote wengi hawakujiunga, na wengine walijitoa. Sababu kubwa ilikuwa moja: mwanachama aliyefika zahanati na kukuta rafu tupu hakuona faida ya kadi. Aidha, mfuko wa wakulima peke yao, wenye kipato cha msimu wa tumbaku na pamba, hauwezi kubeba maradhi mazito. Maskini kumbeba maskini ni jambo la heshima, lakini kibaba chao hakijai.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, ni jambo zito. Uzito wake utapimwa kwa utekelezaji: kama itaunganisha mchango wa mwenye mshahara, wa mwenye duka na wa mkulima, na kama asiye na kitu atalipiwa kwa kodi bila kudhalilishwa. Haraka inahitajika. Kwa miaka mingi wahisani wa nje wamelipa zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya afya nchini, na kaya zenyewe zimetoa mfukoni karibu robo. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikatambua kwa siku chache kwamba sehemu ya zahanati zao ilijengwa juu ya kalamu ya mtu mwingine. Viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tanzania, kama nchi nyingi za bara hili, imebaki chini ya kiwango hicho.

Yote haya hayana maana kwamba fedha zimwagwe hospitalini pasipo hesabu. Matumizi yote ya afya nchini ni kiasi cha dola 40 kwa mtu kwa mwaka. Marekani hutumia zaidi ya 12,000. Nchi yenye dola 40 haina ruhusa ya kupoteza hata moja. Na dola inayofanya kazi kubwa zaidi mara nyingi haipiti hospitalini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Mkoa wa Tabora uliongoza nchini kwa malaria miongoni mwa watoto wadogo, kiasi cha asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa 8. Chandarua, dimbwi lililofukiwa na kipimo cha mapema zahanatini ni rahisi kuliko chupa ya damu Kitete. Maji ya Ziwa Viktoria yaliyofikishwa Nzega, Igunga na Tabora yameandikwa katika vitabu vya Wizara ya Maji, lakini faida yake itasomwa katika daftari la wagonjwa wa kuhara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu, mtumishi anayeandaa makadirio ya halmashauri asiridhike kuona mstari wa dawa umepungua. Aulize nani amelipa badala yake. Mwalimu anapofundisha hesabu za asilimia, awape wanafunzi bajeti ya zahanati yao waisome. Mganga aweke bei na orodha ya dawa ukutani ambapo mwanakijiji ataiona. Kamati ya zahanati ikutane, na wajumbe wake wadai kuona vitabu. Mzigo wa matibabu utaendelea kukua, kwa sababu watu wanaongezeka na wanaishi zaidi. Wajibu wa taifa ni kuhakikisha kwamba haubebwi na mgonjwa peke yake.